Naitwa Mwanakombo, na kila nyumba ninayoomba "imeshachukuliwa". Nibadilishe jina?

Mwanakombo (Columbus, Ohio)

Assalaam alaykum, na habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisomee mpaka mwisho. Jambo hili limenikaa kooni wiki nzima na nyumbani sina wa kumwambia, maana mume wangu nikimweleza atasema tulale hotelini yaishe.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Ohio mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Mwezi wa 5 mtoto wa dada yangu anamaliza chuo Washington DC. Dada anakuja kutoka nyumbani, viza ameshapata, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ana sukari. Anakula kwa saa, na anakula alichopika mwenyewe, kwa hiyo chumba cha hoteli chenye friji ya kuwekea soda mbili hakitufai. Nikaamua nitafute nyumba nzima kwa siku 4 kwenye hizi programu za simu ambazo watu hupangisha nyumba zao. Programu yenyewe sitaitaja. Tupo watu wazima 3 na binti yangu wa miaka 11.

Akaunti ni mpya, sijawahi kulala nyumba ya mtu kwa njia hii. Jina nikaandika kama lilivyo kwenye kitambulisho. Picha nikaweka niliyopiga sikukuu ya Idi, nimejitanda mtandio wa manjano.

Nyumba ya kwanza niliipenda mno. Ipo Washington yenyewe, hatua chache toka stesheni, sufuria zimetundikwa ukutani juu ya jiko. Nikaandika ujumbe wa adabu: tunakuja kwenye mahafali ya mtoto wetu, tupo 4, hatuvuti sigara, hatuna mnyama, tutaiacha nyumba safi. Baada ya saa mbili mama mwenye nyumba akanijibu: samahani, tarehe hizo imeshachukuliwa. Nikashukuru, nikaendelea.

Ya pili, mwenye nyumba akauliza tunapika vyakula gani na kama kuna watu wengine watakaokuja kutuona. Nikamjibu kwa urefu, mpaka nikamweleza habari ya sukari ya dada yangu. Hakurudi tena, ombi likaisha muda wake. Ya tatu nilikataliwa bila neno hata moja.

Sasa usiku wa Jumatano, saa tisa, nipo chumba cha mapumziko kazini, nikaifungua tena ile nyumba ya kwanza. Tarehe zetu zipo wazi. Kwenye kalenda siku iliyochukuliwa hukatwa mstari, na siku zetu 4 zote hazina mstari. Mwenzangu wa zamu, mzungu wa hapahapa Ohio, tumefanya kazi pamoja miaka 6, akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwonyesha. Akasema pengine aliyechukua ameghairi, hebu nijaribu kwa akaunti yangu. Akanakili ujumbe wangu neno kwa neno. Mahafali, watu 4, hakuna sigara, hakuna mnyama. Akaunti yake nayo haina maoni ya mwenyeji yeyote, yale wenye nyumba wanayomwandikia mgeni aliyelala kwao, aliifungua zamani akaiacha.

Saa moja kasoro asubuhi tunakabidhi zamu, simu yake ikalia. Karibuni sana, hongereni kwa mahafali, ufunguo mtaukuta kwenye kisanduku mlangoni.

Alinionyesha, halafu akaigeuza simu kifudifudi juu ya kaunta. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema, nikaenda kuchukua koti langu.

Binti yangu niliposimulia kwenye gari akaniambia, "Mama, andika Monica." Amesema kwa kunihurumia, najua. Lakini yeye mwenyewe nilimpa jina la mama yangu.

Ninachouliza: nibadilishe jina kwenye akaunti? Nikae kwenye nyumba ile kwa jina la mwenzangu? Au kuna mahali pa kulalamika, na sheria ya nchi hii inasemaje? Wenye uzoefu nisaidieni.

Baba Neema (Houston)

Pole sana dada. Hilo limetupata wengi, ila wengi tunanyamaza.

Mimi ushauri wangu ni mfupi: badilisha. Ukoo wangu una herufi 11 na mzungu akiuona anaona kazi. Tangu 2017 naandika Mike, na sijakataliwa tena zaidi ya mara moja. Uchungu upo, sikufichi, lakini nina watoto wanne ndani ya gari na usiku unaingia, siwezi kupigania jina barabarani. Pia tafuta nyumba za kubuku papo hapo, zile ambazo hazipiti kwa mwenye nyumba kuamua. Unalipa, unakuwa umepata. Hapo hana nafasi ya kukuchungulia.

Juma_wa_Dallas

Dada pole, lakini mnisikilize na upande wa pili. Mimi napangisha chumba kimoja nyumbani kwangu. Mke wangu yupo, watoto wapo, tunatumia sebule moja na huyo mgeni. Nikiona ombi la mtu asiye na maoni hata moja, anakuja na kundi, nakataa. Simuulizi rangi. Nyumba ni yangu, ufunguo ni wangu, na anayelala kwangu namchagua mimi. Huyo mama wa Washington huenda aliona akaunti mpya akaogopa utapeli. Tusiwe wepesi wa kusema ubaguzi kila tunaponyimwa.

Mwanakombo

Juma, ningekubaliana nawe kama mwenzangu naye angekataliwa. Akaunti yake haina maoni, kama yangu. Watu 4, kama sisi. Maneno ni yangu yaleyale, mpaka nukta. Mimi naambiwa imechukuliwa, yeye anaambiwa hongera. Nitajie kilichotofautiana zaidi ya jina na sura, nami nitanyamaza.

Halafu nikuambie kitu. Kuna mzee ninamhudumia, Mmarekani mweusi, ana miaka 91. Asubuhi ile nilichelewa kutoka kwa sababu nilikwenda kumpa kikombe chake cha chai, akaniona uso wangu akauliza. Nikamwambia. Akanisimulia kwamba akiwa mtoto walikuwa wakisafiri na baba yake kwa gari kutoka hapa Ohio kwenda Georgia kwa bibi yake. Hoteli za njiani zilikuwa hazipokei weusi. Baba yake alikuwa na kitabu kwenye droo ya gari, kile alichokuwa akikitoa tarishi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, kuanzia 1936, kinachoorodhesha mahali ambapo msafiri mweusi ataweza kula, kujaza mafuta na kulala. Na kwenye miji mingi pa kulala hapakuwa hoteli. Palikuwa nyumba za watu. Mama fulani ana chumba cha nyuma, anakupa kitanda na kifungua kinywa. Mzee anakumbuka shuka zilizopigwa pasi, na mwanamke aliyemwosha miguu kwenye beseni kabla ya kulala kwa sababu alikuwa ametapika ndani ya gari.

Kwa hiyo kumlaza mgeni nyumbani kwa pesa si jambo lililozaliwa na simu. Weusi wa nchi hii waliifanya kazi hiyo kwa sababu milango mingine ilifungwa. Naona uchungu kwamba leo nyumba hizohizo ndizo zinazotufungia.

Baba Neema, sikulaumu hata kidogo, watoto ni watoto. Ila kitambulisho changu kinasema Mwanakombo, na mlangoni ningefika na dada yangu ndani ya buibui. Monica ataishia kwenye simu.

Rehema (Portland, Oregon)

Shikamoo shangazi. Mimi ni mkalimani, nakalimani mahakamani na kwenye ofisi za serikali, kwa hiyo haya mambo nayasikia kila wiki. Si wakili, lakini naweza kukupa mwanga. Sijui ulitumia programu ipi na hakuna haja ya kuitaja. Nitazungumzia Airbnb kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Ulichofanya na mwenzako usiku ule ndicho walichofanya watafiti watatu wa Harvard, Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky. Walituma maombi kwa wenye nyumba wapatao 6,400 kwenye miji 5, na Washington ilikuwemo. Dallas pia ilikuwemo, kaka Juma. Akaunti zilikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa jina: huku Allison na Brad, huku Lakisha na Tanisha. Wenye majina ya kizungu walikubaliwa kama mara 50 kwa kila 100, wenye majina ya Wamarekani weusi kama mara 42. Wanasema ni pungufu ya asilimia 16, yaani 8 katika kila 50. Utafiti huo ulichapishwa 2017. Na kitu kilichonigusa: pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye nyumba ambao hawakuwahi kumlaza mgeni mweusi hata mmoja.

Kaka Juma, na wewe mwenye nyumba mweusi hii inakuhusu kwa mlango wa pili. Edelman na Luca walikuwa wameangalia New York kabla ya hapo, 2014, wakakuta wenye nyumba wasio weusi wanatoza bei ya juu kwa asilimia 12 hivi kuliko weusi, nyumba za hali moja.

Kuhusu picha. Airbnb waliamua mwezi wa 10 mwaka 2018 kwamba mwenye nyumba haoni picha ya mgeni mpaka akishakubali. Jina likabaki. Hapa kwetu Oregon wanawake watatu weusi walishitaki, wakapatana 2019, na kuanzia Januari 31, 2022 mwenye nyumba akawa haoni hata jina la mgeni mkazi wa Oregon, anaona herufi ya kwanza tu, mpaka nafasi ithibitishwe. Mimi nilikuwa R. Nilipoandika kwa mara ya kwanza kama R nilikubaliwa siku hiyohiyo, nikafurahi, halafu furaha ikanigeukia kwa sababu nilianza kuhesabu mara zote nilizokataliwa nikiwa Rehema. Kampuni yenyewe ilitoa takwimu zake Desemba 2022: kwa mwaka 2021 wageni waliodhaniwa ni weupe walifanikiwa kubuku kwa asilimia 94.1, weusi 91.4. Pengo lilikuwa dogo, ila lilikuwepo.

Sasa sheria. Juma amesema nyumba yangu, ufunguo wangu, na sheria imempa sehemu ya hoja hiyo. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza nyumba za wageni kumbagua mtu kwa rangi, dini au asili, lakini imeacha nje jengo lenye vyumba vya kukodisha visivyozidi 5 ambalo mwenyewe anaishi humo. Sheria ya nyumba ya 1968 nayo imeacha upenyo wa aina hiyo kwa jengo la familia zisizozidi 4, mwenyewe akiwemo. Mawakili wanauita upenyo wa Bibi Murphy, yaani mama wa kufikirika anayepangisha vyumba nyumbani kwake. Juma na sebule yake wanaweza kujificha humo. Lakini shangazi, wewe uliomba nyumba nzima, yenye ufunguo kwenye kisanduku. Mwenyewe halali pale. Huyo si Bibi Murphy, huyo ni mfanyabiashara. Tena ipo sheria ya 1866, ya mara tu baada ya utumwa, inayosema kila mtu ana haki ya kufanya mkataba sawasawa na raia mweupe. Hiyo haihesabu vyumba.

Kuishitaki kampuni yenyewe ni kugumu. Kuna kijana wa Virginia alikataliwa nyumba ya Philadelphia mwaka 2015, akafungua akaunti mbili za wazungu wa kubuni, zote mwenye nyumba yuleyule akazikubali. Kisa kama chako kabisa. Akaishitaki Airbnb 2016. Mahakama ikasema alipojiandikisha alibonyeza kukubali masharti, na masharti yanasema migogoro inakwenda kwa msuluhishi wa faragha, si mahakamani. Akakata rufaa, 2021 rufaa ikasema vilevile.

Ndiyo maana nakuelekeza njia mbili. Kwanza ripoti ndani ya programu, chagua sehemu ya ubaguzi, usichague "tatizo jingine". Airbnb wana utaratibu wa kumtafutia mahali pengine mgeni aliyebaguliwa. Uliza kama hao wako wanao. Pili, kama nyumba ipo ndani ya Washington na si kwenye majimbo ya jirani, Maryland au Virginia, jiji lina sheria yake ya haki za binadamu ya 1977 na lina Ofisi ya Haki za Binadamu inayopokea malalamiko. Hulipi chochote, na una mwaka 1 tangu siku ya tukio. Huko unamlalamikia mwenye nyumba.

Kusanya kila kitu leo, shangazi, usingoje kesho. Ujumbe wako na jibu lake, kalenda iliyo wazi, ujumbe wa mwenzako na jibu alilopata. Picha ya skrini iwe na saa juu.

Bi Swafiya (Nyali, Mombasa)

Dadangu Mwanakombo, nimesoma yote na nimekaa nalo tangu Alfajiri. Mimi niko upande wa wenye nyumba. Nina nyumba ya vyumba viwili hapa Nyali, naikodisha kwa njia hiyo hiyo mwaka wa tano huu.

Wacha niseme ukweli. Simu ikilia naona jina, idadi ya watu, tarehe na maneno alotuma. Basi. Uamuzi nautoa nikiwa na mwiko mkononi, kabla mchuzi haujachemka.

Mwaka juzi aliniandikia mtu wa Nairobi mwenye jina la Kisomali. Watu watano, siku tatu. Maneno yake mazuri, kaniamkia kwa heshima. Nikamjibu samahani, nyumba ina ukarabati. Hapakuwa na ukarabati wowote. Jina tu lilinitia khofu, na ukiniuliza khofu ya nini siwezi kukueleza, ni maneno ya mtaani tunayoyasikia tangu udogo kuhusu watu hao mpaka yanageuka kama kitu ulichokiona kwa macho. Siku ya pili nikampokea Mjerumani kwa tarehe zile zile.

Yule bwana akaniandikia tena, mstari mmoja: "Mama, mafundi wamemaliza?"

Alikuwa ameitazama kalenda, kama wewe. Sikuwa na la kumjibu, na sijamjibu mpaka leo. Mimi mwenyewe nilipokwenda Nairobi kumuuguza marehemu mume wangu niliwahi kukataliwa nyumba kwa buibui langu, nililia njia nzima ndani ya matatu. Na bado nikamfanyia mwenzangu vile vile.

Naandika haya kwa sababu Juma anasema pengine huyo mama aliogopa utapeli. Pengine. Hata mimi ningeulizwa siku ile ningesema utapeli. Mtu hajiambii kwamba anabagua, anajiambia yuko makini. Sasa nimefungua nyumba yangu iwe ya kubuku papo hapo, nisiwe na nafasi ya kuchagua. Nimewalaza wageni wa kila aina tangu hapo, na aliyenivunjia meza ya kioo alikuwa mtu wa kabila langu.

La kukusaidia: lala usiku mmoja tu popote, hata hapo hapo mjini kwenu, nyumba ya kubuku papo hapo, mwenyeji akuandikie maneno mazuri. Hilo neno moja kwenye akaunti linatuondolea wenye nyumba kisingizio.

Rehema

Bi Swafiya, Mungu akujalie kwa ukweli huo. Na la maoni umesema kweli kabisa. Watafiti wengine walirudia jaribio la majina, wakaziwekea akaunti zote maoni mamoja mazuri ya mwenyeji, na pengo kati ya majina ya weupe na ya weusi likatoweka. Inauma kwamba mweusi lazima aje na barua ya utambulisho na mweupe haji nayo. Lakini kwa safari ya mwezi wa 5 inafaa kujua.

Juma_wa_Dallas

Kwa nyumba nzima, nakubali. Mtu ameweka kisanduku cha ufunguo, hataonana hata na mgeni, anaogopa nini? Hapo dada amedhulumiwa.

Kwa chumba changu bado nasimama nilipo, kwamba nichague. Ila hilo la Bi Swafiya limenirudisha kwenye simu yangu. Nimepitia maombi niliyokataa mwaka huu, ni 7. Nimeyasoma majina. Watatu kati yao ni Wanaijeria na sikumbuki kwa nini niliwakataa. Nilidhani ninakumbuka.

Mwanakombo

Marahaba Rehema, mwanangu. Bi Swafiya, shikamoo, na asante. Nilisoma maneno yako nikiwa nimeegesha gari nje ya shule ya binti yangu, na kengele ikalia sijamaliza. Mjibu yule bwana. Hata kama yamepita miaka miwili, mjibu. Mimi huyu mama wa Washington akiniandikia leo kwamba alinidanganya, ningelala vizuri zaidi kuliko nikilipwa.

Nimepata nyumba. Silver Spring, upande wa Maryland, dakika kumi kwa mguu mpaka stesheni ya laini nyekundu. Ya kubuku papo hapo, nilibonyeza huku mkono unatetemeka, ikakubali. Mwenyewe ni mama wa Kihabeshi. Akaandika kuuliza tunafika saa ngapi, akasema sufuria ya presha ipo kabati la chini karibu na sinki, na kama dada ana dawa za kuweka baridi ataitoa nafasi kwenye friji. Hiyo ya friji sikumwomba, nilitaja sukari tu. Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma mara tatu.

Jina sijabadilisha.

Malalamiko ndani ya programu nimepeleka Jumamosi. Wamejibu kwamba wamepokea na wanaangalia. Yule mwenye nyumba bado yupo, nyumba yake bado inaonekana. Swali langu kwa Rehema: ile ofisi ya jiji inataka anwani ya nyumba na mimi sina, maana programu haionyeshi anwani mpaka uwe umekubaliwa. Naona eneo tu, duara kwenye ramani. Nifanyeje? Na mwenzangu anataka kuifuta ile nafasi aliyopewa, muda wa kufuta bila kukatwa pesa unaisha kesho jioni.

Rehema

ASIFUTE KWANZA! Shangazi, anwani anayo yeye. Alipokubaliwa, uthibitisho ulimwonyesha namba ya nyumba na mtaa. Mwambie auhifadhi ukurasa wote wa uthibitisho, pamoja na tarehe na jina la mwenye nyumba kama lilivyoandikwa, akutumie kwa barua pepe, ndipo afute. Na umwombe aandike maelezo yake kwa mkono wake: alifanya nini, saa ngapi, alinakili nini. Asipambe wala asikisie nia ya mtu, aandike alichokifanya na alichojibiwa. Maelezo ya shahidi yana uzito.

Mwanakombo

Nimempigia, alikuwa amelala baada ya zamu, akaamka akakaa kitandani akafanya yote tukiwa kwenye simu. Anwani ninayo. Nafasi ameifuta saa kumi na nusu jioni, hajakatwa kitu.

Maelezo aliniletea kazini usiku, ukurasa mmoja na nusu, ameandika kwa kalamu kwenye karatasi za mistari. Ameweka mpaka kwamba nilikuwa nakula wali na maharage. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba ananiomba radhi, nikamwambia mstari huo autoe kwa sababu hakunikosea, akakataa. Tukabishana kidogo, nikamwachia.

Nimepeleka kwenye ofisi ya jiji leo asubuhi, pamoja na picha 9 za skrini. Wamenipa namba, wakasema ofisa atanipigia kunihoji kabla hawajaamua kama wanaipokea kesi. Nimewaandikia wanipige baada ya saa nane mchana, kabla ya hapo nakuwa nimelala. Wakinipigia nitarudi hapa kuwaeleza walichoniuliza, ili mwingine atakayefuata asianze gizani kama mimi.